Vyombo vya sauti vya kanisa: maswali tunayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni kwa wachungaji, wazee wa kanisa, kamati za ujenzi na vijana wanaokaa kwenye mitambo. Mifano mingi hapa inahusu kanisa la aina moja, lile tunaloliona kila mahali kuanzia pembezoni mwa Dar es Salaam hadi Mwanza na Nakuru: ukumbi wa mita 20 kwa 12, kuta za tofali zilizopigwa plasta, sakafu ya saruji, bati juu bila dari, viti vya plastiki, waumini kama 200. Kama kanisa lenu ni kubwa au dogo kuliko hilo, hesabu zitabadilika lakini mpangilio wa kufikiri ni ule ule.

Tumechanga fedha. Tuanze kununua nini?

Msinunue kitu kwanza. Jumapili ijayo, baada ya ibada, mwombeni mtu asome orodha ya majina katika Nehemia sura ya 7 kwa kutumia vyombo mlivyonavyo sasa, kwa sauti ya kawaida ya kuhubiri. Wekeni watu watano sehemu mbalimbali, mmoja wao benchi la mwisho na mwingine karibu na mlango wa pembeni, kila mmoja na karatasi, waandike majina wanayoyasikia. Msitumie Yohana 3:16, kwa sababu kila mtu anaijua na ubongo utajazia hata neno ambalo sikio halikulipata. Majina ya Nehemia hayajaziwi. Aliyekosa nusu ya majina yuko mahali ambapo mahubiri hayamfikii, hata kama sauti inamfikia.

Karatasi hizo tano ndizo zitakazowaambia fedha ziende wapi. Watu wa mbele wakiandika vizuri na wa nyuma wakakosa, tatizo ni umbali na mahali spika zilipo. Wote wakikosa, pamoja na walioko mbele, tatizo ni jengo au maiki. Wakikosa wale walio chini ya feni tu, mna feni mbovu, na hapo mtakuwa mmeokoa fedha nyingi.

Spika zetu ni kubwa na zinapiga kweli kweli. Mbona maneno hayaeleweki?

Hili ndilo swali tunaloulizwa kuliko yote, na karibu kila mara jibu liko kwenye bati, plasta na saruji. Vitu vigumu havimezi sauti, vinairudisha. Silabi moja inatoka kwenye spika, inapiga ukuta wa nyuma, inarudi, inapiga bati, inashuka, na wakati huo mhubiri ameshaanza nyingine. Ukiongeza sauti, unaongeza na mwangwi wake kwa kiasi kile kile.

Kuna hesabu ya jambo hili. Mwaka 1895 Chuo Kikuu cha Harvard kilikuwa na ukumbi wa mihadhara ambao hakuna aliyeelewa kitu ndani yake, na mwalimu kijana wa fizikia, Wallace Sabine, akapewa kazi ya kuutibu. Alikuwa akibeba mito ya viti usiku kutoka jengo jingine, anaipanga ukumbini, na kupima sauti inachukua muda gani kufa. Kutokana na kazi hiyo akapata kanuni inayotumika hadi leo: chukua ujazo wa jengo kwa mita za ujazo, zidisha kwa 0.16, gawanya kwa jumla ya eneo linalomeza sauti, na jibu ni sekunde ambazo sauti inachukua kufa. Na kipimo alichoanzia cha kumeza sauti kilikuwa dirisha lililo wazi, kwa sababu sauti ikitoka dirishani hairudi.

Tulipige hesabu kanisa letu la mfano. Urefu 20, upana 12, kimo cha wastani mita 5: ujazo ni 1200, na mara 0.16 ni 192. Tuseme madirisha yaliyo wazi ni mita za mraba 20, na vitu vingine vyote vinameza kama 20 nyingine. 192 gawanya kwa 40 ni karibu sekunde 5. Ndiyo maana siku ya mazoezi, kanisa likiwa tupu, mnaona hakuna kinachosikika. Waumini 200 wakiingia, kila mmoja anameza karibu nusu mita ya mraba, kwa hiyo tunapata kama 90 zaidi na mwangwi unashuka hadi sekunde 1.5. Kwa mahubiri tunatafuta karibu sekunde 1. Pengo lililobaki si kubwa, na spika haiwezi kuliziba hata iwe ya bei gani.

Linazibwa na kitambaa. Anzeni na ukuta wa nyuma, ule unaotazamana na madhabahu, kwa sababu ndio unaorudisha sauti yote usoni kwa mhubiri. Pazia zito lenye mikunjo mingi, lililoachwa nafasi ya sentimita 15 au 20 kutoka ukutani, linafanya kazi kubwa kuliko pazia lilelile likibandikwa palepale kwenye plasta. Zulia husaidia kidogo, hasa kwenye sauti nyembamba. Dari la jipsamu tupu halimezi sana kama watu wanavyodhani, maana nalo ni gumu. Na trei za mayai tunaomba mziache kabisa: hazizuii besi wala sauti ya kati kwa kiasi cha maana, na zinashika moto haraka mno kwa jengo lenye watoto.

Makanisa ya zamani ya mawe yana mwangwi mrefu zaidi. Kanisa Kuu la Kristo pale Mkunazini, Unguja, lililoanza kujengwa 1873, lina paa la kuba refu la zege. Kwaya ikiimba taratibu ndani ya jengo la namna hiyo ni uzuri mtupu, lakini maneno ya haraka yanachanganyikana. Huko huwezi kutundika mapazia kila mahali wala haifai. Dawa ni spika nyembamba ndefu za safu, zinazotupa sauti kwa waumini na si darini, na mhubiri anayejua kupumzika kati ya sentensi.

Na mvua ikinyesha?

Mvua kubwa juu ya bati tupu inazidi sauti ya mtambo wowote mtakaoweza kuununua, na mkijaribu kushindana nayo mtaunguza spika na kuumiza masikio. Kama mna mpango wa dari siku za mbele, wekeni juu yake tabaka la kumeza sauti, kama sufi ya kioo au ya mwamba, hata kama ni kwenye nusu ya mbele tu kwa kuanzia. Dari hilo litapunguza mvua, joto na mwangwi kwa fedha ile ile. Kwa kamati inayochagua kati ya dari la namna hiyo na spika mpya, ushauri wetu ni dari, bila kusita.

Tunahitaji wati ngapi?

Wati ni hesabu inayopotosha kuliko zote dukani. Ukiongeza wati mara mbili unapata desibeli 3 tu (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti), ambazo sikio linazihisi kama nyongeza ndogo. Ili sauti isikike kama imekuwa maradufu unahitaji desibeli 10 hivi, yaani wati mara kumi. Na zile namba kubwa zinazoandikwa kwenye boksi, 2000, 5000, mara nyingi ni za kilele cha kufumba na kufumbua, si za kazi ya saa mbili.

Muulizeni muuzaji kitu kingine: spika hii inatoa desibeli ngapi kwa juu kabisa, ikipimwa mita moja? Spika nzuri ya inchi 12 yenye amplifaya ndani yake hutoa karibu 120 au zaidi. Kila umbali unapozidishwa mara mbili, sauti ya moja kwa moja hupungua desibeli 6, kwa hiyo mita 20 mbele imepungua 26 na zinabaki 94. Mahubiri yanahitaji kama 70 hadi 75 sikioni. Mnaona akiba iliyobaki? Kwa kanisa letu la mfano, spika mbili za namna hiyo zinatosha kwa neno na kwa kwaya. Kama mna bendi yenye ngoma na gitaa la besi, ongezeni sabufa (spika ya besi) moja, mbili mkipenda, na mwisho hapo.

Kuta nane za spika mbele ya madhabahu tunaziona mara nyingi, na tunaelewa furaha yake siku ya mkesha. Lakini spika nyingi zikipiga kitu kimoja kutoka sehemu tofauti zinagombana, na mwenye kupoteza ni mama aliyekaa katikati.

Spika ziwekwe wapi?

Juu, mbele ya mstari wa maiki, na zimeinamishwa zikitazama watu. Spika iliyowekwa sakafuni inawapigia masikioni walio benchi la kwanza, na miili yao inawazibia wa nyuma. Ikipanda mita 2.5 hadi 3 na kuinama kidogo, tofauti kati ya wa mbele na wa nyuma inapungua sana. Zielekezeni theluthi mbili ya ukumbi kwenda nyuma, siyo ukuta wa nyuma wenyewe.

Kanisa likizidi mita 20 hivi, au likiwa na baraza la nyuma, wekeni spika ndogo katikati ya safari. Hapo lazima zicheleweshwe. Katika joto letu sauti husafiri takriban mita 345 kwa sekunde, na umeme kwenye waya hufika papo hapo. Spika ya pili ikiwa mita 15 nyuma ya ile ya kwanza, sauti ya mbele itaifikia baada ya milisekunde 43. Msipoichelewesha, watu wa nyuma watasikia kila neno mara mbili. Wekeni 43, kisha ongezeni kama 10 juu yake. Sikio litaamini kwamba sauti yote inatoka madhabahuni, na muumini atamtazama mhubiri badala ya kugeuka kutafuta spika.

Kuhusu kutundika: spika ya kilo 20 juu ya vichwa vya watoto si kazi ya kamba wala ya misumari. Fundi wa paa athibitishe kwamba kenchi zinabeba, tumieni vishikio vya chuma vilivyotengenezwa kwa spika hiyo, na kila spika iwe na mnyororo wa pili wa usalama. Kama hamna uhakika, stendi imara kwenye kona, imefungwa ukutani, inatosha.

Kwa nini maiki inalia kila mara?

Maiki inasikia spika, spika inarudia kilichosikiwa, maiki inakisikia tena, na mzunguko huo unajilisha hadi unakuwa mluzi. Kwa hiyo tafuteni nani anamsikia nani.

Sababu ya kwanza ni umbali wa mdomo. Mtu anayeshika maiki usawa wa kifua anamlazimisha fundi apandishe, na akipandisha, maiki inaanza kusikia spika kuliko inavyomsikia mtu. Mdomo ukiwa sentimita 5 badala ya 20, maiki inapata desibeli 12 za bure. Hakuna kifaa mtakachonunua chenye faida kubwa kiasi hicho. Waelezeni wazee wanaosoma matangazo, kwa upole, na waonyesheni kwa vitendo.

Sababu ya pili ni maiki nyingi zilizo wazi kwa wakati mmoja. Kila mkizidisha mara mbili idadi ya maiki zilizofunguliwa, mnapoteza desibeli 3 kabla ya mluzi. Maiki nane zikiachwa wazi wakati mchungaji anahubiri, mmejinyima desibeli 9. Kwaya ikikaa, shusheni zote.

Ya tatu ni mkono. Waimbaji wa pambio hupenda kukumbatia kichwa cha maiki. Maiki za kuimbia zimetengenezwa zisikie mbele na kuziba nyuma, kwa njia ya matundu yaliyo chini ya ule wavu. Ukiyaziba kwa kiganja, inaanza kusikia pande zote, pamoja na monita, ile spika ya waimbaji iliyo miguuni. Shikeni mpini.

Na mhubiri anayeshuka kutembea kati ya waumini? Kama anapita mbele ya spika, italia tu. Wekeni alama sakafuni, au shusheni spika ya upande ule anapopita. Vijana wa mitambo wakimfuata kwa macho wataweza.

Tununue maiki za aina gani?

Za waya kwa wingi, zisizo na waya chache. Maiki ya waya ya kawaida, isiyohitaji betri, inavumilia kudondoka, jasho na vumbi. Shure SM58, iliyotoka 1966, bado ndiyo kipimo ambacho nyingine hulinganishwa nacho, na kwa sababu hiyohiyo bandia zake zimejaa sokoni. Ya bei ya kutupwa Kariakoo au Luthuli Avenue si hiyo, haijalishi boksi linasemaje. Ni heri kununua maiki halisi ya kampuni isiyo na jina kubwa kuliko bandia ya kampuni kubwa.

Zisizo na waya zinataka uangalifu wa masafa. Sehemu ya juu ya masafa ya zamani ya televisheni, karibu na megahezi 700 na kuendelea, imepewa mitandao ya simu katika nchi nyingi, zikiwemo zetu, na maiki za mtumba kutoka nje mara nyingi ziko humohumo. Ndiyo maana zinakatika katikati ya maombi. Kabla ya kulipa, angalieni megahezi zilizoandikwa nyuma ya kipokezi, kisha ulizeni wasimamizi wa masafa, TCRA kwa Tanzania au CA kwa Kenya, kama zinaruhusiwa. Kipokezi kikae mahali kinapoiona maiki, si ndani ya kabati la chuma.

Kwa kwaya ya watu 30, maiki mbili au tatu zilizosimama mbele na juu kidogo zinaleta sauti iliyoungana kuliko kumpa kila mwimbaji ya kwake. Maiki za namna hii nyingi huhitaji volti 48 kutoka kwenye miksa, kwa hiyo hakikisheni miksa yenu inazo.

Miksa iwe na chaneli ngapi? Ya kisasa ya kompyuta au ya kawaida?

Andikeni kila kitu kinachoingia siku yenye mambo mengi, Pasaka kwa mfano: mchungaji, mkalimani, viongozi wa sifa wanne, kwaya maiki tatu, kinanda chaneli mbili, gitaa, besi, kompyuta ya video. Mmefika 14. Ongezeni chache za akiba, nunueni ya 16 au zaidi kidogo.

Ya dijitali ina kumbukumbu: mpangilio wa Jumapili unahifadhiwa, mtoto akichezea vitufe mnaurudisha kwa sekunde. Pia ina ikwalaiza kamili (ya kupunguza au kuongeza besi na sauti nyembamba) na ucheleweshaji wa spika ndani yake, vitu ambavyo zamani vilinunuliwa kando. Ya kawaida ni rahisi kufundishia kwa sababu kila kitufe kinafanya kazi moja na kinaonekana. Kanisa lenye vijana wanaobadilika kila mwaka kwa sababu ya shule na ajira, tungelishauri miksa ya kawaida yenye vitufe vizuri. Lenye fundi mmoja au wawili wa kudumu, ya dijitali.

Kitu kimoja kwenye miksa yoyote: bonyezeni kile kitufe cha kukata besi, kawaida chini ya hezi 80 au 100, kwenye kila maiki ya kuongea. Mngurumo wa besi ndio unaofunika herufi nyembamba, na Kiswahili kinazihitaji. "Mungu hatakuacha" na "Mungu atakuacha" zimetenganishwa na pumzi moja ndogo ya "h", na pumzi hiyo ndiyo ya kwanza kupotea kwenye mtambo uliojazwa besi.

Umeme wetu unapanda na kushuka. Tufanyeje?

Nunueni stabilaiza inayobeba mzigo wote, na UPS (betri inayoshikilia umeme ukikatika) kwa miksa ya dijitali na kompyuta. Wakati wa kuwasha, miksa na vinanda vianze, amplifaya na spika zimalizie. Wakati wa kuzima, spika zianze. Ule mshindo mnaousikia mkifanya kinyume ndio unaoua tuita, ile spika ndogo ya sauti nyembamba. Kwenye jenereta, subirini itulie kabla ya kuunganisha chochote.

Vyombo vyote vya sauti vitoke kwenye njia moja ya umeme yenye ethi nzuri, mbali na ya feni na taa. Mkisikia mvumo wa "mmm" usioisha, mara nyingi kinanda kinapata umeme ukuta mmoja na miksa ukuta mwingine. Msikate pini ya ethi ili mvumo uishe. Mpiga gitaa ameshika nyuzi za chuma na midomo yake iko kwenye maiki ya chuma. Ethi ndiyo inayolinda uhai wake. Tumieni boksi la DI, kisanduku kinachokaa kati ya kinanda au gitaa na miksa, lenye swichi ya kutenganisha ethi ya waya wa sauti. Boksi hilohilo linaruhusu waya mrefu kutoka kwenye kinanda. Waya wa jeki peke yake ukizidi mita 5 au 6 unaanza kuokota kelele.

Nani akae kwenye miksa, na ikae wapi?

Ikae kati ya watu, theluthi mbili kuelekea nyuma, nje kidogo ya mstari wa katikati. Fundi aliyefungiwa chumba chenye kioo, au aliyewekwa pembeni ya madhabahu nyuma ya spika, anarekebisha sauti asiyoisikia.

Na awe mtu aliyefunzwa. Makanisa yanatoa mamilioni kwa vyombo na hayatoi hata nauli ya kijana kwenda kujifunza. Tengeni sehemu ya bajeti kwa mafunzo ya watu wawili au watatu, wavulana na wasichana, ili mmoja akisafiri ibada isisimame. Waje mazoezi ya kwaya kama wanakwaya wanavyokuja. Wahesabiwe kuwa watumishi, waombewe, na wasikaripiwe mbele ya kusanyiko maiki ikilia. Fundi mwenye hofu hufanya makosa zaidi.

Majirani wanalalamika. Je, wanatuonea?

Mara nyingi hapana. Tanzania kelele ziko chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inayosimamiwa na taasisi ya mazingira ya taifa, na Kenya ina kanuni za kelele za 2009 chini ya NEMA, mamlaka yake ya mazingira. Nyumba za ibada hazijatolewa nje ya sheria hizo. Kinachovuka ukuta zaidi ni besi, kwa hiyo sabufa ndiyo ya kushushwa kwanza, hasa usiku. Spika za tarumbeta zinazotazama barabarani ziondoeni. Aliyelala na mgonjwa jirani hasikii Injili pale, anasikia usumbufu.

Fikirieni pia masikio ya walio ndani. Kiwango kinachotumika sana kulinda wafanyakazi ni desibeli 85 kwa saa 8, na kila zikiongezeka 3 muda salama unakatwa nusu. Kwa desibeli 100 zimebaki dakika 15. Kipindi cha sifa cha saa nzima kwenye kiwango hicho, kila wiki, kinawaharibu watoto wanaokaa mbele ya sabufa. Programu ya simu ya kupima sauti si sahihi sana, lakini inatosha kuwaonyesha kama mko 80 au 100.

Tunarusha ibada mtandaoni na sauti ni mbaya. Mbona ukumbini ni nzuri?

Kwa sababu ukumbini ngoma inajisikiza yenyewe, na kwenye simu inasikika tu kile kilichopita kwenye miksa. Tengenezeni mchanganyiko wa pili kwa ajili ya kamera kupitia njia ya pembeni ya miksa, na maiki moja au mbili zinazosikia kusanyiko, ili "amina" zisikike. Mtu mmoja avae hedifoni auangalie huo tu.

Fedha hazitoshi kwa mara moja. Tupange vipi?

Awamu ya kwanza: mapazia ya ukuta wa nyuma, spika mbili, miksa, maiki nne nzuri za waya, stabilaiza, mafunzo. Ya pili: monita, maiki za kwaya, maiki mbili zisizo na waya. Sabufa na vya mtandaoni vije baadaye. Waya msivipunguzie bei kamwe, kwa sababu waya mbovu ndio chanzo cha nusu ya matatizo tunayoitiwa.

Vyombo vya mtumba vinafaa, hasa spika na amplifaya, mradi mvisikilize kwa nusu saa kwa sauti ya juu kabla ya kulipa, na muulize kama vipuri vyake vinapatikana hapa. Maiki zisizo na waya za mtumba, kwa sababu ya masafa, ziacheni. Na kabla ya kununua chochote kipya, mwombeni muuzaji akikodishe kwenu kwa Jumapili moja. Mrudieni Nehemia 7, watu wale wale watano, viti vile vile, karatasi mpya. Muuzaji anayekataa jaribio hilo, nendeni duka linalofuata.